Somo la Ufundi: Mabomba ya Kiyoyozi

Kaeni vizuri. Shikeni daftari na kalamu, maana leo tutafanya hesabu kidogo.

Somo letu la leo ni juu ya mabomba ya shaba ya kiyoyozi. Pengine mmoja wenu atauliza, “Mwalimu, mimi si fundi, na nyumbani kwangu sina kiyoyozi. Somo hili lanihusu nini?” Ndugu yangu, ngoja kidogo. Sikiliza kwanza mfano huu.

Tuseme kuna mama mmoja mwenye duka la dawa mjini Tanga. Dawa nyingi zimeandikwa kwenye boksi, “Weka mahali pasipozidi nyuzi 30 za joto.” Nyingine zimeandikwa nyuzi 25. Tanga ni pwani, na joto lake mnalijua. Basi mama yule akanunua kiyoyozi kile cha vipande viwili, kimoja cha ndani na kimoja cha nje. Akaja fundi kijana, akakifunga kwa nusu saa. Duka likapoa.

Baada ya miezi mitatu duka likawa na joto tena. Fundi akaitwa.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Hebu tazama mashine hii, haipoi.”

“Ah, mama, gesi imekwisha. Nitakujazia.”

Akajaza, akalipwa shilingi 90,000. Baada ya miezi mitatu, mambo yakawa yale yale. Akajaza tena. Mara ya tatu, vivyo hivyo. Andikeni hesabu hiyo: 90,000 mara 3. Jibu ni 270,000. Fedha imekwenda, na boksi za dawa zimekaa katika joto. Mgonjwa akinunua dawa iliyoharibika kwa joto, pengine haitamponya, na wala hatajua sababu.

Sasa shikeni neno moja, nalo ndilo kiini cha somo hili. Gesi ya kiyoyozi haiishi kama mafuta ya taa. Taa huchoma mafuta, kwa hiyo mafuta hupungua. Kiyoyozi hakichomi gesi. Gesi ile ile huzunguka ndani ya mabomba mwaka baada ya mwaka. Ikiwa imepungua, basi tangu mwanzo ilitiwa pungufu, au mahali fulani inavuja. Na mara nyingi huvuja pale fundi alipounganisha mabomba.

KAZI YA MABOMBA

Mnaujua mtungi wa udongo wa maji ya kunywa. Maji hupenya kidogo kidogo hadi nje ya mtungi, hukauka kwa hewa, na yanapokauka huchukua joto. Ndiyo maana maji ya mtungini ni baridi. Kiyoyozi hufanya kazi ya jamaa na hiyo.

Katika kipande cha ndani, gesi iliyokuwa majimaji hugeuka kuwa mvuke, na inapogeuka huchukua joto la chumba. Kisha hupita katika bomba nene mpaka kipande cha nje. Huko kuna kompresa, ambayo huikandamiza mpaka iwe na joto kuliko hewa ya nje. Feni huipuliza, joto hutoka, na mvuke hurudi kuwa majimaji. Halafu hupita katika njia nyembamba sana, hupoa ghafula, na hurudi ndani kwa bomba jembamba. Huo ndio mzunguko wake.

Kwa hiyo mabomba ni mawili, jembamba na nene. Katika mashine nyingi ndogo za ukutani, ile njia nyembamba ya kupoza iko katika kipande cha nje. Kwa sababu hiyo mabomba yote mawili huwa baridi. Kumbukeni jambo hili, tutalirudia.

SOMA KIBAO KWANZA

Kabla ya kugusa spana, fundi hodari husoma. Kila mashine ina kibao ubavuni na kitabu chake. Humo mmeandikwa aina ya gesi, uzito wake kwa gramu, na nguvu kubwa ambayo mashine yaweza kuistahimili. Kitabu chaeleza unene wa mabomba, urefu wake mdogo na mkubwa, na kipande kimoja chaweza kuwa juu ya kingine kwa mita ngapi.

Mashine ndogo ya 9,000 BTU mara nyingi hutumia bomba la robo inchi na bomba la thumuni tatu, yaani 3/8. Kubwa zaidi hutumia la nusu inchi au la thumuni tano, 5/8. Usikisie. Bomba lisilo saizi yake huharibu kazi ya kompresa.

Hesabu ya pili ni hii. Tuseme kitabu chasema kwamba gesi iliyotiwa kiwandani yatosha mabomba ya mita 5, na kwamba kila mita inayozidi yataka gramu 20. Mabomba yako ni mita 9. Utaongeza gramu ngapi? Mita zilizozidi ni 4. Mara 20 ni 80. Utaongeza gramu 80, tena kwa mizani, si kwa kusikiliza mlio wa gesi. Mnaona, ndugu, kusoma na hesabu ni vyombo vya kazi kama spana na nyundo.

KULAZA BOMBA

Toboa ukuta kwa keekee. Tundu liinamie nje kidogo, ili maji ya mvua yasiingie ndani, na maji yanayotiririka kutoka kipande cha ndani yapate njia ya kutoka.

Bomba la shaba huuzwa likiwa limeviringishwa, na ncha zake zimezibwa. Usiondoe vizibo hivyo mpaka saa ya kuunganisha. Unapolipitisha ukutani liwe limezibwa, la sivyo litazoa mchanga na vumbi la saruji. Hewa ya pwani ina maji mengi na chumvi, na bomba lililoachwa wazi usiku kucha huingiwa na unyevu. Vumbi na unyevu ni adui wa kompresa.

Likunjue polepole juu ya sakafu. Usilivute kama kamba. Penye kona, tumia springi au chombo cha kukunjia, na mkunjo uwe mpana. Bomba likibonyea, njia ya gesi imebanwa. Wala usilikunje na kulinyoosha mara nyingi mahali pale pale, maana shaba hukakamaa, kisha hupasuka.

KUKATA NA KUPANUA MDOMO

Hapa ndipo kazi huharibika mara nyingi, basi tusiende mbio.

Kwanza, kata bomba kwa kikatio chenye kigurudumu. Usitumie msumeno. Msumeno huacha unga wa shaba ndani ya bomba, na unga huo utakwenda mpaka kwenye kompresa. Zungusha kikatio, kaza kidogo, zungusha tena. Ukikaza kwa pupa, bomba litabonyea.

Pili, ondoa ukingo mkali uliobaki ndani ya mdomo. Unapoukwangua, bomba litazame chini, ili chenga zianguke nje, zisiingie ndani.

Tatu, tia nati. Naam, tia nati sasa, kabla ya kupanua mdomo. Mdomo ukisha panuliwa, nati haipiti tena. Hata mafundi wa siku nyingi husahau, wakakata upya huku wakicheka.

Nne, panua mdomo wa bomba uwe kama mdomo wa tarumbeta. Mafundi huita kazi hii flea. Chombo chake hubana bomba na kuushindilia mdomo kwa koni ya nyuzi 45. Kwa bomba la robo inchi, mdomo uliopanuliwa huwa na upana wa milimita 9 hivi. Kwa bomba la 3/8 huwa kiasi cha milimita 13.

Tano, tazama kazi yako penye mwanga. Mdomo uwe duara kamili, ung'ae, usiwe na ufa, mkwaruzo, wala upande mmoja kuzidi mwingine. Ukiona kasoro hata ndogo, kata uanze upya. Inchi mbili za shaba ni rahisi kuliko mtungi wa gesi.

KUFUNGA NATI

Tia matone machache ya mafuta ya kompresa kwenye uso wa mdomo uliopanuliwa. Weka bomba sawasawa na kiungo, kisha zungusha nati kwa vidole. Ikikataa kwa vidole, usiilazimishe kwa spana. Imeingia upande. Ifungue, uanze tena.

Ikisha shika, tumia spana mbili, moja ishike kiungo na nyingine izungushe nati. Ukitumia moja tu, utalipinda bomba. Na nguvu ina kipimo chake. Nati ya robo inchi yataka Nm 14 mpaka 18. Ya 3/8 yataka Nm 34 mpaka 42. Kuna spana maalumu ya kupimia nguvu hiyo, na yafaa fundi awe nayo. Kijana mwenye nguvu hudhani kukaza sana ndiyo salama. Sivyo. Kukaza mno huipasua shaba pale mdomoni, nayo gesi huvuja kidogo kidogo, kama ilivyovuja kwa yule mama wa Tanga.

KUPIMA KWA NAITROJENI

Sasa mabomba yamefungwa. Je, tufungue gesi? La, bado. Kwanza tupime kama pana mahali panapovuja.

Tunapima kwa naitrojeni kavu. Sikilizeni sana, maana hapa pana mauti. Usitumie oksijeni kamwe. Oksijeni yenye msukumo mkubwa ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka. Wala usitumie hewa ya pampu ya kujazia matairi, kwani nayo ina oksijeni na unyevu. Unapoletewa mtungi, usitazame rangi tu. Soma jina lililoandikwa. Katika jambo hili, kujua kusoma kwaweza kuokoa maisha yako.

Mtungi wa naitrojeni uwe na kipunguza msukumo, maana mtungi uliojaa huwa na bar 150 au zaidi. Valvu za mashine ya nje zibaki zimefungwa. Jaza mabomba hatua kwa hatua. Fika bar 5, ngoja, tazama geji. Fika bar 15, ngoja. Kisha fika nguvu iliyoandikwa katika kibao, ambayo kwa mashine nyingi za gesi ya R-32 na R-410A ni kama bar 40. Usiizidi. Tairi la gari dogo lina bar 2 na kidogo, basi fikiri nguvu ya bar 40. Usisimame uso wako mbele ya nati.

Paka povu la sabuni kila kiungo. Povu likitoa malengelenge, panavuja. Toa naitrojeni yote kwanza, ndipo urekebishe. Povu likitulia, andika geji inasoma ngapi na ni saa ngapi, kisha acha. Ikiwezekana acha mpaka kesho. Geji yaweza kushuka kidogo kwa baridi ya usiku, yapata bar 0.1 kwa kila nyuzi moja ya joto, na hilo si kosa. Ikishuka zaidi ya hapo, tafuta panapovuja.

KUNYONYA HEWA

Naitrojeni ikisha tolewa, ndani ya mabomba hubaki hewa na unyevu. Hewa hukaa mahali pa gesi na kuitaabisha kompresa. Unyevu hungia katika mafuta ya kompresa na kufanya asidi, nayo hula mashine kutoka ndani. Kwa hiyo hapana budi kuvitoa vyote kwa pampu ya kunyonya.

Mtauliza, “Pampu yawezaje kutoa maji?” Mnajua maji huchemka kwa nyuzi 100. Lakini hewa ikipungua juu yake, huchemka kwa joto dogo zaidi. Pampu ikinyonya sana, maji huchemka hata bila moto, hugeuka mvuke na kutoka.

Hewa ya kawaida pwani ina msukumo wa mikroni 760,000. Pampu na ifikishe chini ya 500. Geji ya kawaida ya gesi haiwezi kuonyesha hesabu ndogo hivyo. Yatakiwa geji yake maalumu. Kisha funga njia ya pampu, ungoje dakika 10 au zaidi. Hesabu ikipanda bila kusimama, panavuja. Ikipanda na kusimama juu kidogo, unyevu ungalipo, basi endelea kunyonya.

Wako mafundi wasio na pampu. Hufungua gesi kidogo isukume hewa nje, wakasema kazi imekwisha. Hiyo si kazi. Hupoteza gesi, huacha unyevu ndani, na kama gesi ni ile ya R-32, huitoa gesi inayoweza kushika moto.

KUFUNGUA GESI

Ikiwa mabomba ni marefu kupita kipimo cha kiwandani, gramu za kuongeza hutiwa sasa kwa mizani. Kisha fungua valvu za mashine ya nje kwa funguo ya pembe sita, mpaka mwisho, ile ndogo kwanza na kubwa baadaye. Rudisha vifuniko vya valvu na uvikaze, maana navyo huzuia kuvuja. Paka povu mara ya mwisho.

Ndipo uvike viungo mpira wa kuzuia joto. Mabomba yenyewe yawe yamevikwa tangu mwanzo, kila moja mpira wake. Tulisema yote mawili huwa baridi. Hewa ya pwani ikigusa bomba baridi lililo wazi, hutoa maji, kama gilasi ya maji ya barafu mezani. Maji yale yatadondoka juu ya ukuta, na kwa yule mama, juu ya boksi za dawa. Mpira wa nje ufungwe tepu isiyoharibiwa na jua, na tundu la ukutani lizibwe, panya na mijusi wasipate mlango.

MAMBO YA HATARI

Yako mambo manne ya kuandika.

La kwanza, kazi ya umeme ni ya fundi umeme aliyeidhinishwa. Zima umeme kabla ya kufungua mashine.

La pili, vaa miwani na glavu. Gesi ya majimaji ikigusa ngozi au jicho huunguza kwa baridi.

La tatu, fungua madirisha. Gesi hizi ni nzito kuliko hewa, hutulia chini na kumnyima mtu pumzi. Naitrojeni nayo hunyima pumzi. Na pasiwe na sigara wala moto karibu na R-32.

La nne, usiiachie gesi hewani. R-22 ya zamani huharibu tabaka la ozoni linalotukinga na jua kali. Mataifa yalipatana huko Montreal mwaka 1987 kuziondoa gesi za namna hiyo, na nchi zetu zimewekewa mwaka 2030 kuwa ukomo, isipokuwa kiasi kidogo cha kutengenezea mashine zilizopo. Mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali, hapa hapa kwetu Afrika ya Mashariki, yakapatana kupunguza na gesi zinazoitia dunia joto. Kilo moja ya R-410A hutia joto sawa na kilo 2,000 na zaidi za hewa ukaa. Kwa R-32 ni kama kilo 675. Fundi anayejaza gesi juu ya bomba linalovuja huilisha hewa sumu hiyo, tena kwa fedha ya mwenye duka.

TURUDI KWA MAMA WA TANGA

Je, mama yule afanye nini? Hahitaji kuwa fundi. Ahitaji maswali tu. Siku fundi akisema, “Gesi imekwisha,” mama aseme hivi: “Mwanangu, gesi haiishi. Inavuja wapi? Nionyeshe povu.” Akisha tengeneza, aulize, “Umepima kwa naitrojeni? Geji ilisoma ngapi jana, na leo inasoma ngapi? Pampu yako iko wapi? Gramu ulizotia ni ngapi? Niandikie katika risiti.”

Fundi mwema hatakasirika kwa maswali hayo. Atafurahi, maana ataonekana tofauti na mwenye haraka. Na mama, akiwa na karatasi yenye hesabu, ana ushahidi mkononi. Asiyejua kusoma huambiwa. Ajuaye kusoma hutazama mwenyewe.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini twasema gesi ya kiyoyozi haiishi kama mafuta ya taa?
2. Nati hutiwa lini, kabla au baada ya kupanua mdomo wa bomba?
3. Taja sababu mbili za kutotumia msumeno au kukaza nati kupita kiasi.
4. Kwa nini ni hatari kupima mabomba kwa oksijeni?
5. Gesi ya kiwandani yatosha mita 5. Kila mita inayozidi yataka gramu 20. Mabomba ni mita 12. Utaongeza gramu ngapi?
6. Katika mtaa wenu, ni kazi gani nyingine ambayo mtu hulipa mara kwa mara kwa sababu hakuuliza? Zungumzeni.

Mwanafunzi atakayemaliza swali la tano na amsaidie jirani yake. Kwa herini, ndugu wasikilizaji, mpaka somo lijalo.